Zebaki haiishi ikizama topeni

Watu wengi, na baadhi yao wasomi, wakisikia neno usafi fikra zao hukomea kwenye vidudu. Maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni, tundu la choo lifunikwe, basi, kazi imekwisha. Hayo ni kweli na hayana mjadala. Lakini upo uchafu ambao jiko haliuwezi, nao ni madini mazito. Ukichemsha maji yenye vijidudu vya kipindupindu, vijidudu vinakufa. Ukichemsha samaki mwenye zebaki, zebaki inabaki ndani ya nyama ile ile na mlaji anaila.

Ndugu msomaji, nimeichagua zebaki kwa sababu hapa kwetu Tanzania tunaishika kwa mikono. Katika machimbo madogo ya dhahabu kama yale ya Geita na Chunya, mawe husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa mwaloni, kisha hutiwa zebaki ili ishikamane na dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa, zebaki ikapaa na dhahabu ikabaki. Mvuke huo ni sumu ya mapafu na ubongo, na baya zaidi wapo wanaochomea jikoni, watoto wamekaa pembeni wakingoja ugali. Zebaki iliyobaki huenda na marudio kwenye shimo, na mvua ikinyesha, kwenye kijito. Ukimuuliza mwenye mwalo, atakujibu kwamba zebaki ni nzito, imezama, imekwisha. Kwa hili namkatalia.

Chini ya tope hakuna hewa ya oksijeni, lakini kuna uhai mwingi. Wapo bakteria ambao badala ya kuvuta oksijeni kama sisi, hutumia salfeti au chuma. Wale wa salfeti ndio wanaofanya tope la kinamasi linuke kama yai viza. Zebaki ikiwafikia, baadhi ya bakteria hao huibandika kipande kidogo cha kaboni na haidrojeni, ikageuka kuwa zebaki ya methili. Jambo hili lilithibitishwa Sweden na Jensen na Jernelöv mwaka 1969. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani wakavipata vinasaba viwili vinavyowawezesha bakteria kuifanya kazi hiyo.

Tofauti ya zebaki hizi mbili ni kubwa. Zebaki ya majimaji, ile inayong'aa, mtu akiimeza karibu yote hupita tumboni na kutoka. Hatari yake kubwa ni kuivuta ikiwa mvuke. Zebaki ya methili iliyomo kwenye chakula, zaidi ya asilimia 90 huingia katika damu. Hufika kwenye ubongo, na huvuka kondo la nyuma kumfuata mtoto tumboni. Tena haikai pale ilipozaliwa. Wadudu wa majini huichukua, samaki wadogo huwala wadudu, samaki wakubwa huwala wadogo, na kila hatua inazidi kujikusanya, hata samaki wa juu kabisa anaweza kuwa na kiwango mara milioni moja ya kile kilichomo kwenye maji aliyoogelea.

Madhara yake yalijulikana dunia nzima kutokana na Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitangazwa rasmi mwaka 1956. Kule kiwanda kilikuwa kinamwaga baharini zebaki ya methili iliyokwisha tengenezwa, haikuhitaji kungojea bakteria. Watu walikufa ganzi mikono na midomo, wakapepesuka, macho yakapungua upana wa kuona. Lakini lililonishitua mimi katika habari ile ni akina mama walioonekana wazima, au wenye dalili ndogo tu, wakazaa watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo. Kwetu hakuna kiwanda cha namna ile. Tunamwaga zebaki, halafu kiwanda tunacho ndani ya tope.

Nisieleweke vibaya nikawafukuza watu kwenye samaki. Vipimo vilivyofanywa katika Ziwa Victoria miaka ya 1990 na ya 2000 vilionyesha samaki wengi wako chini ya kiwango cha miligramu 0.5 kwa kilo, na sato ana kidogo kuliko sangara mkubwa. Dagaa na sato ni chakula bora na mama mjamzito awale. Mimi wasiwasi wangu uko kwenye vijito na mabwawa yaliyo jirani na mialo, ambako watoto huvua kambale kwenye tope lile lile la marudio, na hakuna anayewapima.

Wasiwasi mwingine ni mpunga, na huu hausemwi kabisa. Jaruba lililojaa maji ni tope lisilo na hewa, yaani makazi yale yale ya bakteria tuliowataja. Huko Wanshan, katika jimbo la Guizhou nchini China, palipochimbwa zebaki kwa muda mrefu, iligundulika kwamba wenyeji waliipata zebaki ya methili kwa kula wali zaidi kuliko kwa kula samaki. Kanda ya Ziwa tunalima mpunga na tunaosha dhahabu. Anayeruhusu shimo la marudio lichimbwe juu ya majaruba anaweka sumu karibu na sinia la watu.

Kuna wanaosema maumbile yatajisafisha yenyewe. Ni kweli kwamba wapo bakteria wengine wanaojilinda kwa kuigeuza zebaki kuwa mvuke na kuitoa nje. Ila mvuke huo unakwenda hewani na kurudi ardhini mahali pengine. Na sisi wa zahanati tuna sababu ya kuwatazama bakteria hawa kwa jicho la pili, kwa kuwa vinasaba vya kuishinda zebaki mara nyingi husafiri pamoja na vinasaba vya kuzishinda dawa kama streptomaisini na salfa. Yaani panapojaa zebaki tunaweza kuwa tunawafuga wadudu wasiosikia dawa.

Madrasa tulifundishwa kuyatazama maji kwa rangi, ladha na harufu. Kwa ajili ya udhu kipimo hicho kinatosha. Lakini zebaki hii haibadilishi hata kimoja kati ya vitatu hivyo, kwa hiyo mtu asitoke na fat-wa ya udhu akaifanya kuwa cheti cha kuvua samaki.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mkataba huo unataka kukomeshwa uchomaji wa donge hadharani na kwenye makazi ya watu, pamoja na kuloweka marudio yenye zebaki kwenye sianidi kabla ya kuitoa zebaki hiyo, kwani sianidi huiyeyusha ikasafiri kwa wepesi zaidi. Hivi vyote vinaendelea. Wenye mialo na vati wengi tunawajua, tunasali nao safu moja, na wengine ndio wachangiaji wakubwa wa misikiti yetu. Kamati za misikiti iliyo karibu na machimbo ziwaendee, ziwaambie mwalo uhame kutoka kwenye kijito na majaruba, shimo la marudio lisakafiwe, na donge lichomewe ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba la kuurudisha mvuke kuwa zebaki, ambayo mchimbaji ataitumia tena na kuokoa fedha yake. Na kliniki za wajawazito katika maeneo hayo, pale tunapouliza mimba ya ngapi na hedhi ya mwisho lini, tuongeze swali moja: nyumbani kwako nani anachoma dhahabu, na anachomea wapi?