Binti wa maabara na sharti la posa

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, jirani yangu mmoja alinishika mkono pale tunapovulia viatu akaniomba tukae kidogo barazani. Binti yake, aliyebakiwa na mwaka mmoja kuhitimu masomo ya maabara ya hospitali, ameposwa. Kijana ana dini, ana kazi, na wazee wake ni watu wa heshima. Wameleta sharti moja tu: akishaolewa, masomo basi na kazi basi. Watoto, wamesema, hawalelewi kwa darubini.

Jirani yangu anaogopa kuikataa posa njema, na anaogopa vilevile kuuona ujira wake wa miaka mingi, alioulipa ada shilingi kwa shilingi, ukifungiwa kabatini. Akaniuliza naonaje. Mimi si mwanachuoni wa fikihi, na habari za masharti ya akdi nimemwachia imamu wetu. Lakini lile neno la darubini limenikaa moyoni, kwani zipo habari za mama mmoja wa Marekani aliyelea watoto wanne huku akishika darubini, na alichokiona humo kinawaweka hai watu hadi hapa kwetu. Hakuwa Muislamu, wala sisemi tumwige katika kila jambo. Ninalotaka ndugu msomaji alitazame ni namna alivyozipanga siku zake.

Janet Rowley alizaliwa mwaka 1925 jijini New York, akakulia Chicago. Alikuwa na umri wa miaka 15 alipoingia Chuo Kikuu cha Chicago kwa ufadhili. Alipoomba kusomea udaktari, aliambiwa kwamba darasa la wanafunzi 65 lina nafasi 3 tu za wanawake, nazo zimekwisha kujaa. Ikambidi asubiri miezi tisa. (Wale wanaodhani kwamba kuwabania mabinti nafasi ni tabia yetu sisi peke yetu, na wajue.) Mwaka 1948 alihitimu, na siku ya pili yake akaolewa na Donald Rowley, daktari kama yeye. Wakajaaliwa watoto wanne, wote wanaume.

Kuanzia hapo hadi mwanawe wa mwisho alipotimiza miaka 12, Rowley alifanya kazi kwa muda wa siku tatu tu kwa wiki. Siku zilizobaki zilikuwa za nyumba. Alifanya kazi katika kliniki ya watoto wenye ulemavu wa akili, na huko ndiko kulikomzindua. Mwaka 1959 wataalamu wa Ufaransa walionyesha kwamba watoto wenye aina moja ya ulemavu huo wana kromosomu 47 badala ya 46. Kromosomu ni zile nyuzi ndogo ndani ya kila chembe hai ya mwili, ambazo hubeba urithi kutoka kwa baba na mama. Daktari huyu akatamani kuzisoma. Mumewe alipopata nafasi ya mwaka mmoja ya utafiti Oxford, Uingereza, mwaka 1961, mke hakukaa kumsubiri mezani. Alijifunza huko namna ya kuzitazama nyuzi hizo.

Waliporudi Chicago alimwendea daktari mkubwa wa damu, Leon Jacobson, akamwomba mambo machache: darubini, chumba cha giza cha kusafishia picha, siku tatu kwa wiki, na mshahara wa kutosha kumlipa yaya. Jacobson akakubali, kwa dola 5,000 kwa mwaka. Msomaji asiupite upesi ule ujira wa yaya. Mama huyu hakujidai kwamba watoto hujilea wenyewe, wala hakudai kwamba malezi ni kazi ya kupuuzwa. Alilitaja jambo hilo waziwazi mbele ya mkuu wake, likaingia katika mapatano.

Takriban miaka kumi ilipita bila jambo kubwa. Kisha, mwaka 1970, familia ilirudi tena Oxford, na Rowley akajifunza mbinu mpya ya kuzipaka kromosomu rangi inayong'aa, hata kila moja ikaonyesha mistari yake, kama kanga zinavyotofautishwa kwa pindo na mji. Kabla ya hapo nyingi zilifanana mno. Alizipiga picha chembe za wagonjwa wa saratani ya damu, akazileta nyumbani, akazikata kwa mkasi na kuzipanga mbili mbili juu ya meza ya chakula. Wanawe walimtania kwamba mama anachezea vijitu vya karatasi.

Juu ya meza hiyo, mwaka 1972, yalionekana mambo mawili. Katika aina moja ya saratani kali ya damu, kromosomu ya 8 na ya 21 zilikuwa zimebadilishana vipande. Na katika ile saratani sugu ya chembe nyeupe, iliyojulikana tangu 1960 kwa kromosomu yake fupi ya 22 waliyoigundua Peter Nowell na David Hungerford mjini Philadelphia, kipande kilichodhaniwa kupotea hakikupotea. Kilikuwa kimegandama kwenye kromosomu ya 9. Alikitangaza mwaka 1973, na wengi hawakutikisika. Walishikilia kwamba mabadiliko hayo ni matokeo ya saratani, si chanzo chake. Aliendelea. Mwaka 1977 yeye na wenzake wakaonyesha mabadilishano mengine, ya kromosomu ya 15 na ya 17, katika aina nyingine ya saratani ya damu inayoua upesi kwa kuvujisha damu.

Baadaye watafiti wengine walibainisha kwamba pale 9 na 22 zinapoungana, jeni mbili zisizohusiana hushikamana na kutengeneza protini isiyojua kupumzika. Protini hiyo huiamuru chembe nyeupe izaane bila kikomo. Basi kilichohitajika ni dawa ya kuizima. Dawa hiyo, imatinibu, ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa mwaka 1998 chini ya Brian Druker wa Oregon, na kati ya wagonjwa 54 waliopewa kipimo cha kutosha, damu za 53 zilirejea hali ya kawaida. Marekani iliiidhinisha mwaka 2001. Ugonjwa uliokuwa ukimmaliza mtu kwa miaka michache leo unatulizwa kwa kidonge cha kila siku, na wengi wanaokitumia ipasavyo huishi umri unaokaribia wa wenzao wasiougua.

Nasi tunaingia vipi? Ugonjwa huu uko kwetu, na Afrika Mashariki aghalabu huwapata watu wenye umri mdogo kuliko wagonjwa wa Ulaya. Bandama huvimba upande wa kushoto, mwili hukonda, usiku jasho. Ni mara ngapi tumeona tumbo la namna hiyo likipelekwa kwanza kwa mganga, na baadaye kwa mganga mwingine, huku miezi ikipita? Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako wagonjwa wamekuwa wakipewa dawa hii bure kupitia mpango maalumu wa msaada. Lakini hakuna apewaye kabla ya kupimwa na kuthibitika kwamba 9 na 22 zimeungana kwelikweli. Na kipimo hicho hufanywa na mtu aliyefundishwa, aliyeinamia darubini au mashine ya maabara. Binti wa jirani yangu anasomea kazi ya namna hiyo.

Nakiri kwamba Rowley alikuwa na mengi ambayo binti huyu hana: mume mtafiti, mkuu aliyesikiliza, na fedha za yaya. Kwa hiyo sikubaliani na wanaomtaja ili kuwakejeli akina mama wanaokaa nyumbani, kwani mwenyewe alikaa nyumbani sehemu kubwa ya wiki na hakuona haya. Lakini sikubaliani pia na hao wenye posa. Wao wameweka mambo mawili tu kwenye mizani, kana kwamba baina ya siku saba za maabara na siku saba za jikoni hakuna kitu. Tena ni haohao ambao, mke akishikwa na uchungu, huzunguka mji mzima wakimtafuta daktari mwanamke.

Rowley alitunukiwa tuzo ya Lasker mwaka 1998 na nishani ya juu ya raia wa Marekani mwaka 2009. Ndoa yake ilidumu mpaka mumewe alipofariki mwaka 2013. Naye akamfuata Desemba ya mwaka huohuo, akiwa na miaka 88.

Jirani yangu nimemshauri asiwarudishie watu posa yao, wala asilikubali sharti kama lilivyo. Aende kwao na mambo matatu: mwaka mmoja wa kumaliza masomo, siku tatu kwa wiki baada ya hapo, na jina la bibi au shangazi atakayekaa na mtoto siku hizo. Na kabla ya kwenda, amwite binti mwenyewe amuulize, maana katika mazungumzo yetu yote pale barazani hakuna aliyekumbuka kusema yeye anataka nini.