Ziara ya Mafunzo Si Matembezi: Mfano wa Lindi

Katika vyuo vya ualimu ziara ya mafunzo husifiwa sana, na ni haki isifiwe. Hata hivyo, ziara nyingi huishia kuwa matembezi tu. Watoto hupandishwa garini, huonyeshwa kitu, hula, hurejea wamechoka. Na kesho yake mwalimu hufungua kitabu pale pale alipokiachia. Hatuyachukii matembezi, kwani yana raha yake. Tunachokataa ni kuyaita somo.

Tuuchukue mji wa Lindi kuwa mfano. Ni mji mtulivu, umekaa kando ya ghuba unapoingilia mto Lukuledi, wenye fukwe za mchanga, minazi na mikoko. Mgeni aweza kukaa huko siku mbili, akaoga baharini, akala samaki, akaondoka akisema kwamba mji hauna kitu. Kumbe kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi kipo kilima cha Tendaguru, ambacho ardhi yake imehifadhi visukuku vya dinosaria walioishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Penye miti hapana wajenzi.

Mifupa hiyo iliripotiwa na mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, mwaka 1906. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji mkubwa. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilisafirishwa. Hapakuwa na reli wala barabara ya gari, hivyo mizigo ilibebwa na watu kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa, mpaka bandari ya Lindi. Leo kiunzi cha mmoja wa wanyama hao kimesimama Berlin, na kimo chake chapita meta 13. Miongoni mwa waliosimamia kazi alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuitambua mifupa na kuitoa ardhini bila kuivunja. Mwaka 2007 aina moja ya dinosaria wa Tendaguru ilipewa jina la kisayansi la kumkumbuka: Australodocus bohetii. Mtoto anayedhani kwamba sayansi ni kazi ya wageni peke yao anastahili kulisikia jina hilo kutoka kinywani mwa mwalimu wake.

Je, somo lifundishwe vipi? Yafaa lianzie uwanjani mwa shule. Watoto wapime kwa kamba meta 13, kisha waulizwe ni wangapi kati yao wakilala kwa mstari watafikia urefu huo. Darasani wapige hesabu: ikiwa mtu mmoja hubeba kilo 25, tani 200 ni mizigo mingapi? Watapata 8,000. Hapo historia huacha kuwa orodha ya tarehe, ikawa uzito juu ya mabega ya watu.

Ndipo waende ufukweni. Huko Tendaguru tabaka zenye mifupa hupishana na tabaka zenye makombe ya baharini, maana zamani hizo mahali pale palikuwa karibu na pwani. Basi maji yakipwa, watoto watazame jinsi mchanga na tope vinavyolifunika kombe au mfupa wa samaki. Waulizwe: kitu gani huoza upesi, na kitu gani hubaki? Ufukwe wa leo utawafafanulia kilima cha jana.

Wapo watakaosema kwamba fedha hazitoshi na madarasa yamejaa. Ni kweli. Lakini katika hayo tuliyoyataja, kamba haina gharama, na mwalimu wa Lindi aweza kufika ufukweni kwa miguu. Aliye bara anao mto au korongo, ambamo tope hutanda vile vile baada ya mvua.

Mambo mawili yaangaliwe. Kwanza, watoto wafundishwe kutazama bila kuchukua. Sheria ya mambo ya kale hairuhusu kuchimba pasipo kibali. Pili, wataуuliza kwa nini mifupa iko Berlin. Mwalimu asilikwepe swali hilo. Awaeleze kwamba nchi ilikuwa chini ya ukoloni, na kwamba Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa vimetoka tu kuiumiza sehemu ile ya kusini. Kisha awaache wajadiliane, kila mmoja akitoa sababu zake.

Mwalimu mwanafunzi, kabla hujaomba gari, andika katika andalio lako la somo swali moja ambalo watoto hawawezi kulijibu wakiwa wamekaa darasani. Ukilikosa, ahirisha safari. Ukilipata, huenda ukatambua kwamba hata gari lenyewe hulihitaji.