Ramani ya mpaka bila namba haimfai mfanyabiashara

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo ikafuata mwaka 2022. Tangu hapo West Nile si pembe ya mwisho ya Jumuiya tena. Ni katikati ya njia. Kila anayepanga barabara, maghala au masoko ya mpakani huanza kwa kutandaza ramani mezani. Basi sisi tunaovuka Vurra na Oraba tuna haki ya kuuliza: ramani hizo zinasema nini juu yetu?

Nyingi zinasema rangi tu. Wilaya yenye biashara kubwa hupakwa rangi nzito, yenye biashara ndogo rangi hafifu. Ukiuliza ni tani ngapi au shilingi ngapi, hupati jibu. Lakini kuandika namba hizo si kazi ngumu. Ramani ya kompyuta ya aina ya vekta imejengwa kwa nukta, mistari na maumbo, na kila kimoja kina mstari wake katika jedwali. Programu kama QGIS, ambayo ni ya bure, inaweza kuchukua thamani kutoka kwenye jedwali hilo na kuiandika juu ya ramani yenyewe. Mchoraji huchagua safu anayoitaka, na lebo zinajitokeza.

Tatizo ni namba ipi inaandikwa na inawekwa wapi. Chukua Koboko. Wilaya hii inapakana na nchi mbili, Kongo na Sudan Kusini. Ukiandika jumla moja katikati ya wilaya, umechanganya mzigo uliopita Oraba kwenda Kaya na ule ulioelekea Kongo. Njia moja ikifungwa kwa sababu ya usalama, ramani hiyo haitaonyesha nani ameumia. Namba ya biashara ya mpakani iandikwe kwenye nukta ya kituo cha mpaka, pale mzigo unapovukia.

Arua nayo ina mtego wake. Koboko ilitengwa kuwa wilaya mwaka 2005, Madi-Okollo mwaka 2019, Terego mwaka 2020, na Jiji la Arua likaanza Julai 1, 2020. Jina "Arua" katika jedwali la mwaka 2004 ni eneo kubwa kuliko "Arua" ya leo. Mtu akiunganisha jedwali la zamani na ramani mpya kwa kufuata jina tu, kompyuta haitamkataza. Namba ya Vurra, kituo kilichomo Wilaya ya Arua, inaweza kuangukia juu ya Jiji, na hapo fedha za soko zitaifuata namba mahali pasipo pake.

Kuna mambo matatu zaidi. Kwanza, kipimo: huku kwetu mikononi mna shilingi ya Uganda, faranga ya Kongo, pauni ya Sudan Kusini na dola, kwa hiyo "500" peke yake haina maana. Pili, tarehe: bei ya mahindi wakati wa mavuno si bei ya wakati wa njaa. Tatu, sifuri: kituo ambacho hakikuhesabiwa kiandikwe "hakuna takwimu". Kukiandikia 0 ni kusema watu wake hawafanyi biashara.

Najua wapo wenzetu watakaosema namba ni chambo cha mtoza ushuru. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana lebo iwe ya jumla ya kituo, kamwe isiwe ya mtu au duka. Pale ambapo wafanyabiashara wa bidhaa fulani ni wachache kiasi cha kutambulika, namba yao ijumlishwe na nyingine. Lakini giza limetugharimu zaidi. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizo kwenye orodha, zilizozalishwa katika nchi wanachama, hausamehewi kila tozo, ila hautozwi ushuru wa forodha ukiwa na cheti chake cha asili. Asiyeijua namba hiyo hulipa kwa kutishwa.

Benki Kuu ya Uganda na Ofisi ya Takwimu (UBOS) zimekuwa zikipima biashara isiyo rasmi mipakani kwa miaka mingi. Kazi iliyobaki ni ndogo: matokeo yawekwe kwenye ramani, kituo kwa kituo, yakiwa na kipimo na tarehe, kisha ramani ibandikwe ukutani pale Vurra na Oraba, kwa Kiswahili. Vyama vyetu vya wafanyabiashara viidai katika kila kikao na maofisa wa mpakani. Ukuta wenye namba hauhitaji mkalimani, na ni vigumu kubishana nao.