Ukihama nyumba, fuata mwendo wa aliye mdogo

Leo tuzungumzie jambo ambalo halisikiki sana mimbarani, ingawa karibu kila familia ya mjini imelipitia au italipitia: kuhama nyumba.

Kodi inaisha, mwenye nyumba anapandisha bei, au barua ya uhamisho inatoka kazini. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ikitekeleza uamuzi uliokuwapo tangu 1973, watumishi wengi wa Dar es Salaam wamehamisha familia zao umbali wa takribani kilomita 450. Wengine wanatoka tu kwenye vyumba viwili vya kupanga Mbagala kwenda kwenye nyumba yao wenyewe Chanika, hata kama bado haina dari. Wote wanapiga hesabu zilezile: kodi ya miezi sita, pesa ya dalali, gari la mizigo, vijana wa kupakia.

Katika hesabu hizo wapo wasioulizwa. Mtoto anajua kwamba familia inahama pale anapoona kitanda chake kinafunguliwa. Mbwa aliyelinda geti miaka minne anaachwa amefungwa mnyororo, kwa matumaini kwamba mpangaji ajaye atamhurumia. Maoni yangu ni haya: kuhama kwa namna hiyo hakumpendezi Mungu, hata kama safari yenyewe tumeifungia na kuiombea.

Fungua Biblia yako, Mwanzo sura ya 33. Yakobo anarudi kwao baada ya miaka 20 kwa mjomba wake Labani. Ana wake, watoto, watumishi na makundi ya wanyama. Esau amekuja kumpokea na watu 400. Ndugu hao wanakumbatiana na kulia, kisha Esau anasema waondoke pamoja. Yakobo anakataa kwa upole. Anamweleza kaka yake kwamba watoto bado ni wadogo, na katika kundi wamo wanyama wanaonyonyesha. Wakikimbizwa hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Yeye atakwenda taratibu, kwa mwendo wa wanyama na mwendo wa watoto.

Wapo wanaosema Yakobo alikuwa anamkwepa tu Esau. Inawezekana. Lakini sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli, na yeyote aliyewahi kuchunga angeikubali. Tena usiishie hapo, soma mpaka mstari wa 17. Yakobo alipofika alijijengea nyumba, na wanyama wake akawatengenezea vibanda. Mahali pale pakaitwa Sukothi, maana yake vibanda. Jina halikutokana na nyumba ya baba mwenye mali. Lilitokana na mabanda ya mifugo.

Sasa tulete neno hili nyumbani kwetu, tuanze na watoto. Waambie mapema, hata wiki kadhaa kabla. Mtoto wa miaka mitano haelewi mkataba wa pango, lakini anaelewa kwamba atalala wapi na atacheza na nani. Kama nyumba mpya iko karibu, mpeleke akaione; mtembee pamoja njia ya kwenda shule na kanisani. Mpe begi lake apange mwenyewe vitu anavyovipenda, hata kama kwako ni takataka. Mpe nafasi ya kuwaaga marafiki, mwalimu wa Sunday School na bibi wa jirani aliyekuwa akimpa maandazi. Akilia, usimkemee. Ibrahimu alipoitwa atoke katika nchi yake alikuwa na miaka 75 na alikuwa amesikia sauti ya Mungu. Mwanao hajasikia chochote zaidi ya honi ya kirikuu.

Ukiweza, hama wakati wa likizo ya Juni au Desemba, na anza mapema kuzungumza na mwalimu mkuu kuhusu uhamisho wa shule. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, dawa na sare viwe kwenye mfuko unaoushika mkononi. Usivipakie kwenye gari chini ya makochi. Siku yenyewe, watoto wadogo wakae kwa shangazi au jirani mnayemwamini, lakini jioni warudi walale nanyi. Kabla hawajaachiwa wakimbie uani, kagua mfuniko wa chemba ya choo, kisima, tanki la maji la chini na nyaya za umeme. Kitanda cha mtoto kifungwe kabla ya runinga.

Na wanyama? Kabla ya kulipa kodi, muulize mwenye nyumba kama anaruhusu mbwa au paka. Usisubiri kuligundua hilo mizigo ikiwa getini. Banda litangulie. Mbwa asipewe chakula kingi muda mfupi kabla ya safari, na asifungwe juu ya mizigo kwenye jua kali. Akifika, mtembeze kwa kamba siku za mwanzo mpaka azoee. Paka msafirishe kwenye kikapu au boksi lenye matundu, kisha mfungie ndani wiki mbili au zaidi. Ukimwachia mapema atatafuta njia ya kurudi alikotoka na anaweza kupotelea barabarani. Kuku wahamishe alfajiri au usiku kukiwa na ubaridi, kwenye tenga linalopitisha hewa. Kama unakwenda wilaya au mkoa mwingine, muulize kwanza afisa mifugo kuhusu chanjo na kibali.

Najua kuna msomaji anayeguna: “Watu hawana hela ya kodi, wewe unatuletea habari za mbwa?” Ndugu yangu, swali lako ni halali, na mfuko una mpaka. Kama kweli huwezi kwenda na mnyama, mtafutie mtu atakayemchukua, mkabidhi mkono kwa mkono pamoja na kadi yake ya chanjo. Hilo halina gharama kubwa. Kumwacha ndiko kwenye gharama, ila anailipa mwingine. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili za ugonjwa huo zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa aliyeachwa bila mlezi na bila chanjo atazurura. Atakayeumwa huenda ni mtoto wa jirani uliyekuwa ukisali naye jumuiya. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini Mkristo hapaswi kungoja sheria. Mithali 12 inafundisha kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake.

Yuko mwingine katika Maandiko aliyekataa kuhama nusu nusu. Katika Kutoka sura ya 10, Farao alimpa Musa ruhusa kwa masharti. Kwanza alitaka waende wanaume peke yao. Baada ya siku tatu za giza akalegeza: watoto waende, ila kondoo na ng’ombe wabaki. Musa akajibu kwamba hata ukwato mmoja hautabaki nyuma. Sababu yake ilikuwa ibada, kwa kuwa Bwana angetolewa dhabihu kutoka katika mifugo hiyo. Mbwa wako si wa dhabihu, nakubali. Lakini angalia ni nani aliyependa watu waondoke na kuwaacha walio wao, na ni nani aliyekataa. Baba anayetangulia mjini mpya, akaiacha familia miaka mitatu kwa sababu “maisha hayajakaa sawa”, ajiulize anafuata ushauri wa nani.

Neno la mwisho ni kwa kanisa linalopokea. Familia ikihamia mtaani kwenu, msisubiri walete barua ya utambulisho ndipo muwajue. Siku ile ya kwanza hawana hata sehemu ya kubandika sufuria. Wapelekeeni chai na chapati. Mama mmoja wa jumuiya awashike watoto saa mbili wakati wazazi wanapanga vyombo. Vijana wa kwaya wasaidie kushusha kabati na kupigilia banda la mbwa. Mtoto aliye na umri kama wa mgeni ampitie Jumapili asubuhi waende pamoja Sunday School, asiingie peke yake akiwa amejishika ukuta.

Nawe unayehama mwezi huu, jioni ya kwanza kusanya watu wako sebuleni, hata kama mmekaa juu ya maboksi. Mwombe mtoto mdogo kuliko wote ataje jambo moja alilolikosa na jambo moja la kushukuru, halafu msali. Kisha toka nje umwekee mbwa maji kabla hujalala.

Mungu awafikishe salama. Jumapili njema.