Seli ya Lithiamu Haiogopi Ampea, Inaogopa Joto

Wavuvi wa dagaa Ziwa Victoria huvua usiku kwa taa, na karabai zinazidi kuziachia nafasi taa za LED zenye betri. Fundi wa kando ya ziwa anayetaka kuifufua nyumbani betri ya lithiamu ya taa hiyo atapewa ushauri mwingi. Mwingine ni wa hatari.

“Kuchomelea kwa umeme kutapasua seli, bora kuunga kwa risasi.” Ni kinyume chake. Mashine ya kuchomelea hupitisha mamia ya ampea, pengine zaidi ya elfu, lakini kwa milisekunde chache tu. Umeme huo hutoka ncha moja ya shaba, ukapita kwenye kibati kinachounganisha seli na uso wa kopo la seli, ukarudi kwa ncha ya pili. Hauvuki ndani ya seli. Joto huzaliwa kibati kinapokutana na kopo, likapoa kabla halijapenya. Chuma cha kuchomea risasi kina zaidi ya nyuzi 300, nacho hukandamizwa hapo kwa sekunde kadhaa. Ndani, chanya na hasi vimetengwa na utando wa plastiki ambao mara nyingi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Utando huo ukiyeyuka, shoti inatokea mahali ambapo hakuna mkono unaofika.

“Bati lolote linafaa.” Halifai; tafuta nikeli safi. Chuma kilichopakwa nikeli hung'aa kama nikeli safi, na sumaku hunasa vyote viwili. Kwaruza kipande kwa msasa, kilaze kwenye maji ya chumvi: cha chuma kitaota kutu.

“Kikishika, kimeshika.” Jaribu kwanza kwenye seli mbovu isiyo na chaji. Vuta kibati kwa koleo. Kikichanika na kuacha vipande kwenye nukta za kuchomelea, umechomelea. Kikibanduka kizima, ongeza nguvu kidogo.

“Hasi iko chini, chanya juu.” Kauli hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kopo zima ni hasi, mpaka ukingo unaozunguka kichwa cha chanya, na kinachokinga ukingo huo ni ganda jembamba la plastiki tu. Bandika pete ya karatasi ya kuhami kabla ya kuweka kibati, kila seli, bila kuruka hata moja.

“Seli iliyokufa hufufuka ukiichaji.” Iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2 shaba yake ya ndani inaweza kuyeyuka, na ikichajiwa hujijenga pasipotakiwa. Hata ikisoma volti 4 baadaye, usiitie kwenye taa ya mvuvi.