Mtaa Ujipange Kabla ya Pingu



Kijana wa bodaboda akikamatwa Ijumaa jioni, iwe Mbagala au Nyamagana, mtaa mzima unajua kabla ya isha. Wanaojua la kufanya ndio wachache. Mama yake atahangaika kumtafuta mtu anayemjua mtu kituoni, mwenyekiti atakuwa ameshafunga ofisi na muhuri ndani, na sisi wengine tutasema, "Kama hana kosa ataachiwa tu." Kauli hiyo naomba tuiache. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji mpaka kosa lithibitike, lakini Ibara haiendi kituoni kumwekea mtu dhamana. Anayekwenda ni jirani.

Pale kaunta mtuhumiwa anavua mkanda na viatu, anakabidhi na simu. Simu ikienda, namba zote zimekwenda nayo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki; itamfaa nini ikiwa hakumbuki hata namba ya mkewe? Kila mtu nyumbani kwako, mpaka mtoto wa sekondari, akariri namba mbili. Leo hii.

Halafu yanakuja maelezo ya onyo. Polisi anatakiwa kumwambia mtuhumiwa kosa analotuhumiwa, na kwamba halazimiki kusema neno. Mahojiano yenyewe yana kikomo: saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, labda ziongezwe kwa utaratibu wa sheria, na Mahakama ya Rufani imewahi kuyatupa maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda. Karatasi ile inaweza kusomwa mahakamani miezi mingi baadaye, mwenyewe ameshasahau alichosema. Kwa hiyo asisaini asichokisoma. Asiyejua kusoma asomewe, na palipokosewa parekebishwe kabla dole gumba halijagusa wino. Anayeweza, aombe kuandika kwa mkono wake, sheria inaruhusu.

Kuna makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na mengineyo. Lakini ugomvi, matusi na wizi mdogo, ambayo ndiyo yanayowakuta vijana wetu, yana dhamana, na kosa likiwa si zito, asiyeweza kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 anatakiwa aachiwe kwa dhamana. Nayo haiuzwi. Mdhamini anasaini bondi. Hela ya kumlainisha mtu ni rushwa, hata ikiitwa ya chai.

Kinachokosekana mara nyingi ni mdhamini mwenyewe. Kwenye mkutano ujao wa mtaa tuchague watu wenye vitambulisho vya taifa na makazi yanayojulikana, wakubali kudhamini kwa zamu. Mwenyekiti atuwekee utaratibu wa kupata barua ya utambulisho hata Jumamosi usiku. Namba ya msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ibandikwe kijiweni, msikitini na kanisani.

Wapo watakaouliza: na kama kweli ameiba? Akajibu mahakamani. Kumdhamini mtu si kumtetea, ni kuahidi kwamba atafika siku ya kesi. Akitoroka, mdhamini anaweza kudaiwa fedha iliyoandikwa kwenye bondi, ndiyo maana nasema tuwe wengi na tumjue tunayemdhamini, mzigo usimwangukie mjane mmoja. Na wale wanaokimbilia tairi na petroli kila wakisikia "mwizi!" wafahamu kuwa wanatenda kosa la mauaji, lile lile lisilo na dhamana. Hata aliyeibiwa hawamsaidii. Aliyekufa hawezi kuonyesha mali iliko.

Mwenyekiti, ajenda hii naomba iwe ya kwanza, kabla ya michango ya taka, maana tukifika kwenye taka watu huanza kuondoka.