Kodi Yetu Iko Kwenye LUKU, Dawati Liko Wapi?

Makamanda, ukinunua umeme hapa Dunda au kule Zinga, kodi ya majengo inakatwa kabla hujawasha taa. Tangu 2021 ndiyo hivyo, na mpangaji ndiye anayeumia kwa nyumba isiyo yake. Zamani halmashauri ndiyo ilikuwa inakusanya. Baadaye kazi hiyo ikahamishiwa TRA, hela ikawa inaingia mfuko mkuu.

Shuleni inarudi nini? Elimu bila malipo ilipoanza 2016, ruzuku ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 4,000 zikabaki juu za vitabu. Zilizobaki ni 500 kwa mwezi. Miatano! Halafu mzazi anaitwa kikao: mlinzi, uji, dawati. Eti hiari.

Watatuambia hatutaki kuchangia watoto wa Rufiji. Uongo. Kugawana tunakubali, tunachokataa ni kugawana gizani. Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili wananchi wapate madaraka. Madaraka gani, kama diwani akiulizwa hela anaangalia Dodoma?

Kodi ya majengo irudi halmashauri, na mgao wa kila shule ubandikwe ukutani. Kikao kijacho cha shule, nendeni na risiti zenu za LUKU.